Moshi wa Ng'ambo

Goodson aliapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba nyumbani kwake hakuwashwi moto. Aliapa mchana kweupe, amenyoosha mkono juu, na nyuma ya nyumba hiyohiyo tanuru la mkewe lilikuwa bado na joto la jana.

Aliyeapiwa alikuwa mtafiti kutoka Kitwe, jina lake Zacharia. Watu wa Nchelenge walimwita Dokta, na kwa kuwa madaktari waliofika pale walikuwa wachache sana, kila aliposimamisha gari lake alionyeshwa majipu na meno yaliyooza. Aliwaeleza kwa upole kwamba yeye hatibu watu, anapima hewa. Hapo walimsikitikia, kana kwamba amesema yeye ni kipofu.

Alikuwa akizunguka ufuko wa ziwa Mweru akitafuta mahali penye hewa safi kupita zote. Kule kwenye miji ya shaba alishakusanya vumbi la kutosha. Si vumbi la barabarani linalomkalia mtu kwenye nyusi, alieleza, bali chembe laini zisizoonekana, ambazo unywele mmoja wa mtu mbele yake ni gogo. Chembe hizo huingia puani bila kubisha hodi na kwenda kukaa ndani kabisa ya mapafu. Ili ajue tanuri za shaba zinachafua kiasi gani, alihitaji mahali pasipo na kitu, apalinganishe. "Kila chembe ina kwao," alisema. "Masizi yana kwao, udongo una kwao, salfa ina kwao. Kazi yangu ni kuiuliza chembe imetoka wapi."

Goodson alielewa kuwa huyu ni mtu wa uhamiaji, isipokuwa anashughulika na vumbi, akamheshimu papo hapo. Yeye alikuwa fundi wa kushona nyavu. Maisha yake yote hakuna aliyemuuliza jambo lolote lisilohusu tundu. Sasa mtu mwenye miwani na gari alikuwa akimuuliza kama angekubali kuwa mlinzi wa mashine ya utafiti, na kama hapo kwake, mbele ya ziwa, kuna mtu anayechoma kitu. Goodson alikubali swali la kwanza kwa furaha kubwa mno hata la pili likapita bila kufikiriwa.

Mkewe, Colette, alirudi kutoka soko la Kashikishi na beseni la kambale kichwani. Uani alikuta mti umesimikwa, na juu yake sanduku la bati lenye kofia kama uyoga, likivuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Waya ulishuka mpaka kwenye betri ya gari. Kando ya betri alisimama mumewe, amevaa tai ya siku ya harusi yao.

"Baba Gaëlle, ile kintu ni nini?"

"Inavuta hewa yetu, inaiangalia."

"Na hewa yetu iko na kosa gani?"

"Haina kosa. Njo maana Dokta alichagula kwetu." Goodson akavitazama vidole vyake vya miguu, kisha akamaliza yaliyobaki kwa sauti ndogo: kwamba alisema hapa hakuna moto, kwamba aliapa, na kwamba Dokta atapita kila juma.

Colette aliteremsha beseni polepole, maana mtu mwenye kambale kichwani hawezi kugombana vizuri. Yeye alikuwa mzaliwa wa Kilwa ya ng'ambo, upande wa Kongo, na nyumba ile ilikula kutoka kwenye tanuru lake. Nyavu za kushona zilikuwa za msimu. Kambale waliobanikwa walikwenda kuuzwa Mansa mwaka mzima. Na tangu vita vianze kule, mama yake mzazi, aliyeitwa Mimi, alikuwa amevuka na kuhamia kwao pamoja na wajukuu, kila mmoja na tumbo lake. Alimwambia mumewe kwamba samaki hangoji utafiti. Samaki akishakufa ana haraka kuliko alipokuwa hai.

Walibishana mpaka Mimi akatoka ndani kuamua. Kwa desturi mama mkwe hazungumzi na mkwewe uso kwa uso, kwa hiyo aliwahutubia kuku. Aliwaambia kuku kwamba mwanamume akishaapa ameapa, na samaki wakishanunuliwa wamenunuliwa. Basi Colette abanike kama kawaida, na Dokta akija moto ufichwe. Kuku hawakupinga.

*

Jambo zuri kuhusu gari la Zacharia ni kwamba bomba lake la moshi lilikuwa limetoboka, likasikika kutoka mbali kabla halijaonekana. Siku ya kwanza ya ukaguzi lilipoanza kukohoa barabarani, Colette alichomoa kuni, akamwaga mchanga kwenye makaa, akawaondoa kambale juu ya wavu wa chuma na kuwasukuma uvunguni mwa kitanda. Akaweka ubao juu ya tanuru, akatandika kitenge, na Mimi akaketi juu yake na Biblia, mgongo wima kama malkia.

Zacharia alikagua waya, akakagua betri, kisha akaona nyuma ya nyumba mwanamke mzee ameketi mahali pa juu isivyo kawaida. Alikuwa amesomea Dar es Salaam na alijivunia Kiswahili chake. Alimuuliza Goodson kile ni nini. Goodson akajibu kuwa ni kiti.

"Kiti cha nani?"

"Mimi."

"Chako?"

"Hapana, Dokta. Cha Mimi."

"Ndiyo nasema, ni chako."

"Si changu. Ni cha Mimi."

Zacharia alivua miwani akaifuta. Kwa mara ya kwanza tangu ahitimu alianza kuwa na shaka na masomo yake.

Wakati huo mchanga haukuwa umeyaua makaa kama ilivyodhaniwa. Mimi alikuwa akisoma zaburi kwa sauti ya chini. Ubao ulipoanza kupata moto, sauti ilipanda. Ubao ulipopata moto zaidi, aliiacha zaburi akaingia kwenye sala yake mwenyewe, kwa Kibemba, Kiswahili na Kifaransa kidogo alichofundishwa na masista, akimwomba Bwana amwondolee mgeni. Mwishowe aliruka na kusimama, mikono juu, akamsifu Mungu kwa kelele moja ndefu, akatembea kwa haraka ya kushangaza kwa umri wake hadi ziwani, akaketi majini mpaka kiunoni. Kitenge kikatoa mvuke.

Zacharia alivua kofia. Alimwambia Colette kwamba imani ya namna ile hajaiona Kitwe. Colette akajibu kuwa mama yake alibatizwa mapema.

Ndipo Zacharia akafungua mashine kutoa chujio, karatasi ya mviringo aliyokuwa ameiweka ikiwa nyeupe kama mkate wa ushirika. Ilitoka nyeusi kama kitako cha sufuria. Aliigeuza huku na huku. Alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa wenyeji, kwamba hata nyuma ya tanuri za shaba hajawahi kupata nyeusi kama hii. Halafu akamuuliza Goodson tena, taratibu, kama kweli hapa hakuna kinachochomwa.

Colette alimwona mumewe akiinyoosha tai. Kama angesema kweli wakati ule, yote yangeishia pale uani, na aibu yake ingekuwa ya kuliwa na familia moja tu. Lakini macho ya Goodson yalikimbia kutafuta pa kujificha, yakapita mashine, yakapita mama mkwe aliyekuwa majini, yakatua kwenye vilima vya Kongo vilivyofifia kwa mbali.

"Labda ni ile ya ng'ambo," alisema.

Uso wa Zacharia ukang'aa. Watu wenye elimu, ukiwapa sababu kubwa, hawana tena hamu na ndogo. Alitazama ziwa, akatazama chujio, akaanza kusema juu ya pepo za juu, juu ya nchi yenye vita na misitu inayoungua, juu ya chembe zinazosafiri bila kujua mipaka. Alimshika Goodson begani akamwita mwenzake. Goodson hakulala vizuri kwa furaha na hofu. Colette hakulala vizuri kwa sababu kambale walikuwa chini ya kitanda.

*

Machujio yalipelekwa Kitwe kupimwa. Zacharia alirudi na majibu na, kama mtu mwenye adabu, akayapeleka kwanza kwa Kapembwa, mwenyekiti wa bandari ya samaki. Kwenye chembe zile, alisema, kuna masizi mengi sana. Kuna potasi, ambayo hutokana na kuni. Udongo ni kidogo, salfa kidogo. Lakini kuna kitu kimewashangaza wote maabara: mafuta yaliyoungua, mengi, na si ya mimea. Ni mafuta ya mnyama, na kila dalili inaonyesha ni mnyama wa majini. Ni mnyama gani, alisema, sayansi bado haijajua.

Kapembwa alijua. Kabla soko halijafungwa, Kashikishi nzima ilishaambiwa kwamba kule Kongo wanachoma viboko. Wengine walisema ni askari wanaofanya hivyo ili kutisha watu, wengine kwamba ni dawa ya kuzuia risasi. Mvuvi mmoja alikumbuka kwamba alisikia mlio. Mirriam, jirani wa Colette aliyeuza maandazi, ambaye nguo zake zilianikwa hatua chache kutoka tanuruni na zilinuka kambale miaka yote, naye alikubali kuwa siku hizi anahisi harufu ya kiboko. Ukweli alikuwa nao puani. Ila habari ya viboko ilikuwa tamu zaidi, na iliuza maandazi.

Mwanzoni Wakongomani wa sokoni walicheka pamoja na wengine. Kisha kicheko kikageuka. Mwanamume mmoja alijibana pua Colette alipopita. Mwingine alimuuliza, mbele ya wateja, nyama ya kiboko inaliwa na nini kwao. Kijana wa basi dogo la Mansa alikataa kupakia vikapu vyake mpaka avifungue na kuonyesha kuwa ni samaki, na alipovifungua, kijana akachagua kambale mnene akamweka pembeni kama ushahidi. Colette alijikaza. Alikuwa amezoea kuitwa mgeni katika mji ambao kaburi la mtoto wake wa kwanza lilikuwamo. Lakini hakuwa amezoea kutukanwa kwa moshi wake mwenyewe.

Halafu Kapembwa akatoa amri. Mitumbwi ya ng'ambo isitie tena nanga kwenye bandari kubwa, kwa sababu wanaotoka huko wamebeba ule uchafu kwenye nguo na matanga yao. Watashukia mbali, kule kwenye matete, mpaka Dokta amalize kazi.

Evariste alikuwa wa kwanza kupigwa na amri hiyo. Ndiye aliyemletea Colette kambale kutoka upande wa pili; walitoka mtaa mmoja wa Kilwa na waliitana dada na kaka. Alifukuzwa bandarini na mtumbwi umejaa, akazunguka matete kutafuta njia, jua likamkuta humo. Colette alipomfikia akipita matopeni, nzi walishatangulia. Nusu ya samaki walikuwa wa kutupwa. Evariste hakulalamika juu ya samaki. Alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi akitoa tope miguuni kwa kijiti.

"Dada, kule vita ilitufukuza," alisema. "Sasa huku ni moshi inatufukuza. Lakini ni moshi ya nani? Mi natoka kule. Sikuona kiboko hata moja inachomwa. Hata sisi wenyewe hatuna kuni."

Colette alikuwa amesimama karibu naye, na kitenge chake kilinuka jibu.

*

Alimkuta mumewe akiipangusa mashine kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Siku hizo watu walikuwa wakimwita Injinia, na alikuwa ameanza kutembea kama mtu aliyebeba yai kichwani. Colette alimweleza yaliyompata Evariste, bila kupandisha sauti, na kumwambia aende kwa Dokta leo hii akaseme kweli.

Goodson alisema atakwenda. Alisema hivyo mara nyingi, kwa namna mbalimbali. Angekwenda Dokta akishamaliza ripoti. Angekwenda wakisharudi kutoka Kitwe, maana Dokta alikuwa ameahidi kumpeleka akaonyeshwe kwa wakubwa. Angekwenda upepo ukibadilika. Mwishowe akaketi kando ya betri.

"Mama Gaëlle," alisema, "ni mara ya kwanza batu baniite juu ya kazi yenye haina matundu."

Hilo ndilo lililomshinda Colette. Mume mwongo ungeweza kumpigia kelele. Lakini mume aliyevaa tai ya harusi kulinda kopo, ukimpigia kelele unajisikia unampiga mtoto. Alikwenda kuwasha moto, na alipokuwa akiwapanga kambale wachache waliookolewa, aliamua kwamba kama ni aibu, basi aibu ina mlango wake, na mlango huo ni mkutano ambao Kapembwa alikuwa ameuitisha.

*

Mkutano ulifanyika kwenye banda la kupimia samaki. Zacharia alipewa kiti pekee chenye miguu yote. Alieleza kwa Kiswahili chake safi, na Kapembwa akafasiri kwa Kibemba kwa walio wengi. Zacharia aliposema "huenda", Kapembwa alifasiri "ni hakika". Zacharia aliposema kwamba mafuta yale ni ya mnyama asiyejulikana, Kapembwa aliwaeleza watu urefu wa meno yake. Goodson aliketi mstari wa mbele, tai shingoni. Aliombwa asimame ili watu wamwone mlinzi wa hewa. Alisimama. Wakapiga makofi.

Colette naye akasimama, nyuma, mahali walipokaa wanawake wa Kongo wakiwa wameinamisha vichwa. Alisema ana neno. Kapembwa alisema kwamba maneno ya ng'ambo yatasikilizwa mwishoni. Colette akasema neno lake si la ng'ambo.

"Dokta, unatafuta kule mafuta inatoka. Ni kambale. Ni kambale zangu. Mi nabanika kila siku."

Zacharia alitabasamu kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwanafunzi. "Unabanikia wapi, mama?"

"Chini ya mashine yako."

Waliojua Kiswahili wakageuka kumtazama. Zacharia alisema kwamba haiwezekani, kwani amekagua ule ua mwenyewe, hakuna kitu pale isipokuwa kile kiti.

"Si kiti," Colette alisema. "Ni tanuru."

Ilimchukua Zacharia muda. Watu walimwona akimgeukia taratibu Mimi, aliyekuwa ameketi kando ya bintiye, upande mmoja tu wa makalio. Walimwona akikumbuka sala, mikono iliyoinuliwa, na ziwa. Mimi alitikisa kichwa kukubali. Aliongeza kwa heshima kwamba alama bado zipo, ila si za kuonyeshwa mkutanoni.

Aliyeanza kucheka ni Evariste, kicheko kilichotoka kama mtu anayetema maji. Kisha wanawake, kisha, maneno yalipofasiriwa mdomo kwa mdomo, banda zima. Mirriam alicheka mpaka akaegemea nguzo, akasema kwa sauti kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Kapembwa alipiga meza kutaka utulivu. Aliona viboko wake wakizama mmoja baada ya mwingine, akajaribu kuokoa japo mmoja: alisema kwamba hata kama ni hivyo, mwanamke huyu si ametoka Kongo, basi moshi wake ni wa Kongo vilevile, na amri ibaki.

Colette alimtazama. Hakuwa amepanga kusema lile alilosema.

"Mwenyekiti, mi nilikuya na papie, karatasi ya mupaka. Lakini ile moshi haina haja ya papie. Ilizaliwa hapa Nchelenge, nyuma ya nyumba yangu. Na baba yake eko pale, na tai."

Hata wasiojua Kiswahili waliuona mkono wake ulipoelekea. Kicheko kilichofuata kiliwatoa kunguru juu ya paa. Goodson alikuwa bado amesimama, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia akae. Alingoja watu wachoke. Kisha akasema kwa Kibemba, ili kila mtu asikie, kwamba ni kweli, kwamba yeye ndiye aliyeapa uongo na ndiye aliyenyoosha kidole ng'ambo, na kwamba mkewe alimwambia aseme naye akaogopa kurudi kuwa mshona nyavu. Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, lakini mzee mmoja mbele alimsogezea nafasi kwenye benchi, na hilo halikuwa jambo dogo.

Kapembwa alifuta amri yake kabla hajaulizwa. Baadaye ilijulikana kwamba tangu mitumbwi izuiwe hakuwa ameonja kambale nyumbani kwake, na mkewe alikuwa ameshaanza kusema.

*

Kesho yake Zacharia alifika kung'oa mashine. Aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa, mabega yameshuka. Pepo zake za juu, vita vyake, chembe zake zisizojua mipaka, vyote vilikuwa vimeishia kwenye tanuru la mwanamke mmoja. Goodson hakuthubutu kumkaribia. Colette ndiye aliyemwekea bukari, ugali wa mihogo, na kambale, kwa kuwa mgeni hata akiwa na huzuni ana tumbo.

Zacharia alinawa akala. Alipofika kwenye mgongo wa samaki alimwinua kwa vidole, akamtazama. "Kwa hiyo huyu ndiye kiboko," alisema, akaanza kucheka, na Colette akaona kwamba si mtu mbaya, ila tu amezoea kutazama mbali.

Aliomba kuonyeshwa tanuru. Alichungulia ndani, akapigwa na moshi usoni, akarudi nyuma akipapasa miwani. Halafu akawa mtu mwingine. Alimuuliza Colette anainama hapa muda gani, anasimama upande gani, macho yanamuuma lini. Alikwenda garini, akarudi na kifaa kidogo cha kufunga kiunoni, chenye mrija wa kubana karibu na shingo. Alieleza kwamba huwavalisha wafanyakazi wa tanuri za shaba, ili kujua si hewa ya mji bali hewa ya mtu, ile inayoingia puani mwake mwenyewe akiwa kazini. Alisema kwa aibu kidogo kwamba haikuwahi kumjia akilini kumvalisha mwanamke anayepika. Je, mama angekubali akivae leo anapobanika?

Colette alikitazama kile kifaa. Akamtazama mumewe, ambaye mkono wake ulikuwa tayari umeanza kujinyoosha wenyewe ili akishike, angalau akifute.

"Muvalishe Injinia," alisema.

Wakamvalisha. Colette alitandika mkeka penye kivuli, yeye na mama yake, na Mirriam akaja na maandazi kutazama. Goodson alikuwa ameishi na tanuru lile miaka mingi kama vile mtu anavyoishi na mlima, kwa kupita kando. Aliinua bati lote la kufunikia tanuru kwa mara moja, moshi ukamfunika mpaka kiunoni ikabaki suruali peke yake. Colette alimwelekeza kutoka mkekani: asiinue bati namna ile, ageuze wa pembeni kwanza, kuni hizo ni mbichi, ainame zaidi, mafuta yakidondoka yasiwake. Goodson alihama upande wa kulia, moshi ukamfuata. Alihama kushoto, ukaja naye. Mimi aliwaambia kuku kwamba moshi unamjua mwenye nyumba.

Alipotoka, machozi yalikuwa yamechora njia mbili nyeupe mashavuni, na tai ilikuwa na rangi ya kambale. Zacharia alifungua kile kifaa, akatoa chujio dogo, akalitazama, akaacha kutabasamu. Alisema tu kwamba ile haikuwa kazi ya siku nzima, na kwamba analo sanduku zima la machujio kutoka Kitwe na hakuna hata moja jeusi kama hili.

Goodson aliketi chini na kunywa maji. Alikunywa, akapumzika, akanywa tena.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku," Colette alijibu. "Siku ya Mungu hapana."

"Na ulikuwa hausemi."

"Nilikuwa nasema. Ulikuwa unasikia njaa." Uso wa mumewe ulivyokuwa, milia miwili na macho mekundu kama ya sungura, ulimshinda Colette. Alianza kucheka, Mirriam akacheka naye, na kicheko kikamwingia Colette kifuani na kugeuka kikohozi, kile kikavu, kirefu, kinachoinamisha mtu. Mirriam aliendelea kula andazi. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu Colette alikohoa hivyo kila siku, na Goodson alikuwa amekisikia kikohozi kile miaka yote kama mtu anavyosikia jogoo wa jirani.

Siku ile aliweka kikombe chini, akakisikiliza mpaka kikaisha.

Kisha akainuka, akamwuliza Zacharia bomba la kutolea moshi linatakiwa kuwa refu kiasi gani ili moshi umpite mtu kichwani. Zacharia alionyesha kwa mkono. Goodson akasema ataliinua zaidi. Alikwenda kwa Ackson, mwenye mashine ya kusaga mihogo, akambembeleza mpaka akapewa mapipa matupu yaliyotoboka, akayarudisha nyumbani akiyaviringisha mbele yake katikati ya barabara, yakipiga kelele kama harusi. Watu walitoka kutazama. Kapembwa alimsimamisha na kumuuliza kama hiyo ni amri ya Dokta.

"Hapana, mukwai," alisema Goodson kwa heshima. "Ni ya kifua cha bibi yangu, Mama Gaëlle." Akayasukuma mapipa akaendelea na njia.